Kabla hujanunua mota ya waipa, soma hii kwanza

Masika ikianza tu Dar, mafundi umeme wa magari wanapata kazi moja inayojirudia kuliko zote, nayo ni waipa. Gari imekaa jua lote hilo waipa hazijaguswa, mvua ya kwanza inashuka mtu yuko kwenye foleni anashusha leva, kimya. Au zinapanda mpaka katikati ya kioo zinagoma pale pale, anaendesha huku mkono wa waipa umemkatia macho. Na jibu analopewa gereji mara nyingi ni moja tu, mota imekufa, kanunue mota. Hilo jibu linaniuma kweli, maana unakuta mota ni nzima kabisa, kilichoharibika ni waya wa ethi (ule wa upande hasi unaofungwa kwenye bodi) umeota kutu, au fyuzi, au kontakti ndogo ya ndani ya kurudisha waipa chini, na mtu keshatoa hela ya mota ya yuzdi, imefungwa, na ugonjwa uko vile vile.

Nataka nieleze huu mfumo unavyofanya kazi, kwa undani kidogo, kwa sababu ukishauelewa unaweza kujua kasoro iko wapi kwa kuangalia tu waipa zinavyogoma, hata kabla hujafungua boneti. Nitatumia Toyota ndogo za kutoka Japani kama mfano, Corolla, Spacio, IST, Vitz, kwa kuwa ndo zimejaa mtaani na mpangilio wake wa waya unafanana sana. Gari nyingine zinatofautiana hapa na pale ila akili ni ile ile.

Tuanze na soketi ya mota ya mbele. Kwenye hizi Toyota mara nyingi utakuta waya tano, na kwenye mchoro wa umeme zimeandikwa +B, +1, +2, S na E. +B ni moto unaotoka kwenye fyuzi, upo muda wote swichi ya gari ikiwa on, hata kama waipa umezizima. +1 ni moto wa mwendo wa polepole, +2 ni wa mwendo wa kasi, hizi mbili zinatoka kwenye leva ya usukani. E ni ethi, inaenda kwenye bodi. S ndo waya ambao watu wengi hawaujui kazi yake, na ndo wenye utamu wote, nitaurudia. Rangi za waya usizikariri, zinabadilika toleo hadi toleo, fuata mchoro wa gari yako.

Sasa mota yenyewe. Ndani kuna sumaku za kudumu zimegandishwa kwenye ganda la chuma, katikati kuna amecha, yaani sehemu inayozunguka, yenye koili za shaba, na kuna kaboni zinazogusa komyuteta, vile vipande vya shaba kwenye amecha, kuingiza umeme. Mota ya kawaida ya sumaku inakuwa na kaboni mbili, moto unaingia huku unatokea kule. Ya waipa ina tatu. Moja ni ya ethi, ya pili ni ya polepole na imekaa upande wa pili kabisa, zimetazamana. Ya tatu ni ya kasi, na hii imesogezwa pembeni, haitazamani na ile ya ethi.

Watu wengi wanadhani spidi kubwa inapatikana kwa kuongeza volti au kwamba ile ndogo inapitia kizuizi cha umeme. Hapana. Volti ni zile zile za betri. Kinachotokea ni kwamba amecha inapozunguka katikati ya sumaku, yenyewe nayo inazalisha umeme, na huo umeme unasukuma kinyume na wa betri, na kadiri amecha inavyokimbia ndivyo huo wa kinyume unavyopanda, mpaka unakaribia volti za betri, hapo mota haiongezi tena mwendo, inatulia kwenye spidi yake. Ukiingiza moto kupitia ile kaboni ya pembeni, koili zinazochangia umeme wa kinyume zinakuwa pungufu, kwa hiyo ili ule umeme wa kinyume ufikie kiwango kile kile inabidi amecha ikimbie zaidi. Spidi mbili zimepatikana kwa kusogeza kaboni moja tu! Kila nikifungua mota ya waipa nikaiona ile kaboni imekaa upande upande namheshimu aliyewaza kitu hicho.

Na kuna faida hapo hapo ya kusaka ugonjwa. Waipa zikifanya kazi kwenye kasi lakini polepole hamna kitu, basi fyuzi iko salama, ethi iko salama, sumaku na koili ziko salama, wasiwasi unabaki kwenye kaboni ya polepole au kontakti ya polepole ndani ya leva au waya wa +1. Tena kama ni kaboni au waya wa +1 utaona na kitu kingine, ukizizima hazirudi chini, zinakufa pale pale zilipo, kwa sababu safari ya kurudi chini inatumia waya huo huo na kaboni hiyo hiyo ya polepole. Dalili mbili, chanzo kimoja. Kaboni ya polepole ndo inayokwisha mapema kwa sababu ndo inayotumika sana, na kuna mafundi wanaibadilisha wanachomelea kaboni mpya kwa bei ndogo tu, mota inaendelea na maisha.

Kutoka kwenye amecha nguvu inaenda kwenye gia. Mwisho wa amecha umechongwa kama skrubu ndefu, inazungusha gia kubwa ambayo mara nyingi ni ya plastiki ngumu, amecha inazunguka mara nyingi sana ndo gia inamaliza mzunguko mmoja. Ndo inapopatikana nguvu ya kusukuma mpira juu ya kioo, mota ndogo vile. Mzunguko mmoja wa gia ni waipa kupanda na kushuka mara moja. Kwenye hizi gari mota haigeuzi upande hata siku moja, inazunguka uelekeo mmoja tu, kupanda na kushuka kunafanywa na vyuma vya linki vilivyo chini ya ile plastiki nyeusi chini ya kioo. Kwa hiyo ukisikia mota inalia vizuri lakini mikono haitembei, au unatembea mmoja tu, huo sio umeme kabisa, ni linki imechomoka kwenye kibumba cha plastiki au nati ya mkono imelegea. Kwa nati, unafungua kifuniko unakaza, shida imeisha.

Haya, turudi kwenye S. Hapa naomba usome taratibu.

Ukizima waipa zikiwa katikati ya kioo, leva imekata moto wa +1 na +2. Kwa akili ya kawaida zilitakiwa zisimame pale pale. Lakini hazisimami, zinamalizia safari zinalala chini. Nani anazipa moto? Zinajipa zenyewe. Kwenye ile gia kubwa, upande wa juu wake, kuna bamba la shaba la duara lenye pengo, na kuna vidole vidogo vya shaba vinavyolikwaruza muda wote gia inapozunguka. Bamba na vidole ndo swichi yenyewe. Waipa zikiwa mahali popote kwenye kioo isipokuwa chini kabisa, hiyo swichi inaunganisha +B na S. Zikifika chini, pengo linafika kwenye kidole, S inaachana na +B inaunganishwa na E.

Na leva ikiwa off, ndani yake S imeunganishwa na +1. Fuata njia sasa, moto unatoka kwenye fyuzi unaingia +B, unapita bamba la shaba, unatoka kwa S, unapanda mpaka kwenye leva ya usukani, unageuka unarudi chini kwa +1, unaingia kaboni ya polepole, mota inaendelea kuzunguka wakati dereva keshazima. Zikifika chini bamba linakata huo moto, na hapo hapo S inaguswa na ethi, maana yake +1 nayo imeguswa na ethi, kaboni zote mbili za mota ziko ethi. Mota bado ina mwendo, inageuka jenereta iliyopigwa shoti, umeme inaozalisha unaizuia yenyewe, inakamata breki ghafla. Ndo maana waipa nzima zinasimama pale pale kila siku bila kuteleza. Bila hiyo breki zingepitiliza kidogo, pengo lingepita, moto ungeingia tena, zikaanza raundi nyingine.

Ukishaiweka hiyo picha kichwani, angalia magonjwa yanavyojieleza yenyewe. Waipa zinafanya kazi spidi zote mbili lakini ukizima zinagandia popote, basi ile njia ya kujipa moto imekatika, yaani +B haifiki kwenye soketi ya mota, au vidole na bamba vimechafuka, au waya wa S, au leva haiunganishi S na +1 ikiwa off. Waipa ukizizima hazizimiki kabisa mpaka utoe ufunguo, basi bamba halikati, kidole kimepinda au grisi imeungua ikachanganyika na unga wa shaba pakawa na njia pasipotakiwa, au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya zile waipa za kupiga na kupumzika imeganda. Waipa zinafika chini zinapitiliza zinajiwasha tena mara moja moja, breki haipo, angalia upande wa ethi wa ile swichi. Mota ni nzima hapo! Inahitaji kufunguliwa kifuniko cha gia, kusafishwa bamba kwa msasa laini na petroli kidogo, vidole vinyanyuliwe vikae sawa, grisi mpya, basi.

Kuhusu zile waipa zinazopiga mara moja zinapumzika halafu zinapiga tena, hapo panahusika mtu wa Detroit anaitwa Robert Kearns. Usiku wa harusi yake mwaka 1953 kizibo cha shampeni kilimpiga jichoni, jicho la kushoto likaharibika karibu lote, na baadaye akawaza kwa nini waipa zisifanye kama kope, zifunge na kufungua pale inapohitajika tu. Miaka ya 60 akatengeneza mfumo unaotumia kapasita na transista, kapasita inajaa kupitia kizuizi, ikifika kiwango fulani transista inafunguka, waipa zinapiga mara moja, saa inaanza upya. Aliwaonesha Ford, baadaye kampuni za magari zikaanza kutoa waipa za namna hiyo bila kumlipa. Akawashtaki Ford 1978, kesi ikachukua miaka, 1990 Ford wakakubali kumlipa dola milioni 10.2, na Chrysler nao akawashinda mahakamani. Alifariki 2005. Mi nikiwasha waipa kwenye manyunyu zikapiga moja zikatulia huwa namkumbuka, alipigania kitu chake karibu maisha yake yote.

Kwenye Toyota tunazozungumzia, hiyo saa na rilei yake mara nyingi zimewekwa ndani ya leva yenyewe. Ukiweka kwenye INT, yaani ile ya kupiga na kupumzika, rilei inapeleka moto kidogo tu kwa +1 ili waipa zinyanyuke pale chini, zikishanyanyuka bamba la shaba linachukua kazi, linazimalizia safari mpaka chini. Umeona, S tena. Kwa hiyo swichi ya bamba ikifa na INT nayo inaharibika, zinanyanyuka kidogo zinaishia hapo. Na kama INT pekee ndo haifanyi kazi ila kila kitu kingine kiko sawa ikiwemo kurudi chini, hapo ni leva, mota isiguswe.

Zamani kabla ya mota za umeme kuenea, gari nyingi za Marekani waipa zilikuwa zinaendeshwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, ukipanda mlima unakanyaga mafuta mvuto unapungua, waipa zinalegea au zinasimama kabisa, mvua inapiga na wewe uko mlimani. Ndo maana kanuni yao ya usalama namba 104 inataka waipa ziwe na spidi angalau mbili, moja isipungue mizunguko 45 kwa dakika bila kujali injini iko kwenye hali gani, nyingine isipungue 20, na tofauti kati yao isiwe chini ya 15. Ni kipimo kizuri hata kwako, lowesha kioo, washa, hesabu na saa ya simu.

Na zikiwa chini ya hapo, yaani zinatembea kwa kujikokota, ndo tunafika kwenye ethi. Hii naiona sana kwenye gari zinazolala chini ya miti. Majani ya mwembe au mwarobaini yanajaa chini ya ile plastiki nyeusi, yanaoza, yanaziba tundu la kutolea maji, maji yanasimama pale ambapo mota na linki vimefungwa. Kutu inaingia kwenye bolti ya ethi, inaingia kwenye ekseli za linki zinakuwa nzito. Mota inabanwa pande mbili, mzigo umeongezeka na umeme umepungua.

Kupima ethi usitumie testa ya taa peke yake, taa ndogo inawaka hata kwenye ethi mbovu kwa sababu yenyewe inakula umeme kidogo sana. Tumia mita, weka kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye betri hasi kabisa, mwekundu uchomeke nyuma ya soketi ya mota kwenye E, soketi ikiwa imechomekwa, halafu washa waipa kioo kikiwa kimelowa. Ukipata volti 0.1 au 0.2 ethi iko poa. Ukipata volti 1 au 2 au zaidi, hizo volti zinaliwa na kutu wakati zilitakiwa zizungushe mota. Upande wa moto fanya hivyo hivyo, nyekundu kwenye betri chanya, nyeusi kwenye +1, waipa zikiwa polepole, ikizidi nusu volti anza kutafuta, fyuzi imelegea kwenye kishikio, soketi imeungua, kontakti ya leva imechoka. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na kimeokoa mota nyingi sana zisitupwe.

Fyuzi nayo ina la kusema. Waipa nzima kwenye kioo kilicholowa zinakula ampia chache tu, lakini zikikwama, labda linki imeshika kutu au mpira umegandia kwenye kioo kikavu kilichochomwa na jua, mota iliyozuiwa isizunguke haina ule umeme wa kinyume niliousema, kwa hiyo inavuta ampia nyingi kupita kiasi mpaka fyuzi ikatike. Fyuzi iliyokatika mara moja badilisha, ikikatika tena usiongeze ukubwa. Soma namba kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi, weka ile ile. Nimeona gari fyuzi imetolewa, fundi kapiga dairekti kwa waya wa shaba, mteja kaambiwa imepona. Linki ilikuwa bado imekwama, siku ya mvua kubwa waya ukaanza kuyeyuka chini ya dashibodi na moshi ukatoka na watoto wamo ndani. Fyuzi ikikatika inakuambia nenda kaangalie mikono na linki, nyanyua mikono ya waipa kwenye kioo, jaribu tena, kama sasa haikatiki basi mzigo uko kwenye mpira au kioo, kama bado, chomoa linki kwenye mota, jaribu tena.

Ukitaka kuipima mota yenyewe, njia ni hii, na hii ndo ile iliyoko kwenye vitabu vya ufundi vya Toyota. Chomoa soketi. Betri hasi kwenye E au ganda la mota, betri chanya kwenye +1, izunguke polepole. Hamisha chanya kwenda +2, izunguke kasi. Halafu jaribio la tatu ambalo wengi wanaliruka, rudisha kwenye +1 iache izunguke, itoe moto ghafla ikiwa popote isipokuwa chini, sasa unganisha +1 na S kwa kipande cha waya, weka chanya kwenye +B. Mota nzima itazunguka yenyewe mpaka mahali pake pa kulala na isimame hapo, wewe hujagusa kitu. Ikifaulu yote matatu, mota haina kosa lolote, rudi kwenye leva, waya, fyuzi au ethi. Vidole viwe mbali na linki wakati wote huo, vile vyuma vinakata kidole kweli kweli, na ukitaka kuingiza mkono pale toa ufunguo kwanza, usiamini kwamba leva iko off, si tumeona mota inaweza kujipa moto yenyewe.

Maji ya kioo hayana mambo mengi. Ni kidumu cha plastiki kimefichwa nyuma ya bampa au ndani ya mudgadi, chini yake kuna pampu ndogo imechomekwa kwenye raba, ndani ya pampu kuna mota kidogo na feni ya kusukuma maji, mpira unapanda mpaka kwenye nozo. Ukivuta leva, pampu inazunguka, na kwenye gari nyingi ile saa ya waipa inapata taarifa hapo hapo inapigisha waipa mara kadhaa.

Jambo moja linachanganya sana mafundi wachanga. Kwenye Toyota nyingi moto wa pampu uko pale muda wote swichi ikiwa on, leva inachofanya ni kuipa ethi. Kwa hiyo fundi anapima waya wa kwanza wa pampu anakuta moto, anapima wa pili anakuta moto tena, anasema kuna shoti. Hamna shoti, moto umepita kwenye koili za pampu umetokea upande wa pili unasubiri ethi. Mwambie msaidizi avute leva, waya wa pili ukishuka karibu na sifuri na pampu haisikiki, pampu imekufa au imeganda. Usiposhuka, fuata leva na waya wake. Na ukiisikia pampu inalia ila maji hayatoki, acha umeme kabisa, angalia mpira umechomoka au umekatika, angalia kichujio kidogo pale pampu inapoingia kwenye kidumu, na nozo. Hapa Dar watu wengi tunajaza maji ya kisima, yana chumvi, yakikauka na lile joto la boneti yanaacha ugumu mweupe unaoziba tundu la nozo. Pini nyembamba na siki kidogo vinatosha, halafu baada ya hapo jaza maji laini, hata ya mvua uliyokinga. Kidumu kikiwa kikavu usiendelee kuvuta leva, maji ndo yanayoipoza na kuilainisha sili ya pampu, ikizunguka kavu muda mrefu inaungua au inaanza kuvuja.

Gari zilizowahi kugongwa mbele, angalia hapo kwanza kabla ya kupima chochote. Mara nyingi bampa ilirudishwa, kidumu hakikurudishwa, na soketi ya pampu inaning'inia ndani ikiliwa na tope.

Sasa kama umepima yote na kweli mota ndo imekufa, amecha imeungua au gia imeisha meno, ndo unaenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea. Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha soketi, idadi ya pini na zinavyokaa, matundu matatu ya bolti, na hakikisha imetoka kwenye gari ya usukani wa kulia, maana za usukani wa kushoto zinaweza kufanana kwa nje halafu sehemu ya kulala ikawa tofauti, waipa zinalala juu ya kioo. Omba betri pale dukani fanya yale majaribio matatu, na hasa la tatu, mota ya yuzdi inaweza kuzunguka vizuri sana kwenye +1 na +2 na swichi ya bamba ikawa imekufa, utaligundua usiku wa mvua. Muuzaji mwenye mota nzima hakatai kujaribu.

Ukifunga, usianze na mikono ya waipa. Funga mota, chomeka soketi, washa leva mota izunguke kidogo halafu zima kwa leva ili mota iende ilale mahali pake yenyewe, ndo sasa funga kile kikono cha mota kwenye linki, kikielekea vile vile kilivyokuwa kwenye ya zamani, piga picha kabla hujafungua itakusaidia. Rudia kuwasha na kuzima mara nyingine linki ikiwa peke yake, ikishalala vizuri weka mikono, mpira ukae pale ulipokuwa umelala mwanzo, kioo cha gari nyingi kina alama zake ndogo. Kaza nati, lowesha kioo kabla ya kujaribu, pitisha polepole, kasi, INT na maji, na baada ya siku chache za kuendesha fungua vile vifuniko ukaze nati tena, zinalegea kidogo meno yakishakaa sawa.